Kisiwa Kitupu

Jumanne, 12 Juni 1979
Nimetua Killorna, nyumbani! Koti jipya la London — mtaa mzima umetoa macho. Ziwa lipo, ngome imebomoka zaidi, mvua ile ile. Nikamwambia shangazi Attracta nimezunguka dunia sijaona pazuri hivi. Dunia gani, akasema, na wewe hujatoka mtaa wa Kilburn, London! Mumewe, Colman, akacheka mpaka akapaliwa.

Jumatano, 13 Juni
Colman amekufa! Kitini, kikombe mkononi. Jana ananicheka — leo saa imesimamishwa na kioo kimefunikwa, desturi ya msiba, nyumba imejaa majirani na wiski. Nimewachekesha mpaka wakalia vizuri. Kesho tunachimba kaburi la ukoo wa Colman kanisani, majirani wenyewe. Mimi mbele! Nimechimba nusu ya London.

Shangazi kanivuta pembeni. Ijumaa, kabla ya maziko, nimvushe kwa boti hadi kisiwa cha ziwani. Mtoto wao wa pekee alizaliwa mfu, hakubatizwa. Padri wa wakati ule alimkatalia makaburi ya kanisa. Colman akamzika kisiwani. Kila kiangazi shangazi humpelekea maua. "Lazima nimwambie mwanangu kwamba baba yake ametangulia."

Alhamisi, 14 Juni
Sululu imegonga ubao.

Kisanduku. Cha majani ya chai. Mimi niliyeona kila kitu — nikakaa juu ya udongo kama gunia. Mzee Mossie, jirani, akavua kofia, akasimulia.

Kumbe mtoto hayuko kisiwani! Mossie na Colman walimfukua wakamleta huku kwa siri, alale na babu zake. Na shangazi hakuambiwa?

"Angeungama," Mossie akasema. "Na padri angemtoa mtoto."

Padri yule si alikufa zamani?

"Alikufa. Lakini kufikia hapo mwanamke ameshapeleka maua miaka na miaka. Wewe ungeanzia wapi, mjuaji?"

Nikapiga magoti kando ya kisanduku. Mimi! Mbao zimeoza. Nimemfunika mtoto kwa koti langu.

Ijumaa, 15 Juni, alfajiri
Naandika nimesimama. Mossie kasema: piga makasia, funga mdomo. Mdomo huu? Lakini mchana jeneza linashuka, udongo unarudi, na shangazi hatamkaribia tena mwanawe. Akijua, je? Amzike mume huku amemkasirikia?

Huyu hapa mlangoni, maua mkononi, chupa ya maji ya baraka kwapani. Mvua inamwagika.

"Utalowa, mwanangu," anasema. "Lile koti lako la kuringia umeliacha wapi?"