Ile Nukta ya Jumanne ya Mvua

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Juzi jirani kaniambia bado unahadithia watu jinsi ulivyoifuatilia asteroidi, lile jiwe la angani, kwa macho yako. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Sasa nakuandikia hadharani, maana faraghani ulikuwa hodari wa kunizima.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda juu ya nyumba ya baba kule Kabiria, saa moja na nusu usiku, tukipenya kati ya kamba za nguo? Wewe na darubini, mimi na daftari. Ulinifundisha mwenyewe: chora nyota zote kama nukta, kesho chora tena, nukta iliyohama ndiyo jiwe lenyewe. Jumatatu tukachora. Jumanne ikanyesha. Wewe mwenyewe ulinishikia beseni nikianua mashuka, ukinung'unika kwamba viatu vimelowa. Ukaondoka na darubini na daftari, na Jumatano hukuja.

Jumamosi ukaketi sebuleni kwetu, ikiwa imebaki wiki moja wazee wenu walete mahari, ukamfungulia baba daftari. Nukta ya Jumatatu hapa, ya Jumanne pale, ya Jumatano kule.

"Huyu kijana ana macho," baba akasema.

Nikauliza, "Si Jumanne ilinyesha?"

"Kwenu labda," ukanijibu kwa macho makavu. "Kwetu mtaani Adams kulikuwa wazi kabisa." Halafu ukanikonyeza.

Uongo ningeusamehe, bwana. Kule kunikonyeza ndiko kulikofanya nikudharau, na nakudharau hadi leo. Ulishanihesabu mke wa kukusitiria uongo maisha yote.

Nilipomwambia baba sikutaki, alifoka, "Unaacha mtu juu ya nukta?"

Darubini na daftari ulikuwa umeviacha kwetu, ili baba aringie wageni. Jumapili nikapanda peke yangu, nikachora. Jumanne nikampandisha baba na magoti yake mabovu. Nukta moja, hafifu kama chembe ya unga, ilikuwa imesogea. Wala haikuwa karibu na pale ulipoichora wewe. Kazi ya jioni mbili tu, na ikakushinda.

Baba alitazama kwa muda mrefu, akalinganisha mchoro wangu na wako. Akanirudishia darubini, akashuka polepole kuwapigia wazee wenu simu.

Darubini usiidai. Wewe huchora bila kuangalia.

Ni mimi, yule uliyemkonyeza.