Pasi ya Domitila

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Sheria hii ya kundi letu la waandishi mtandaoni itaniua siku moja. Ukishatuma sura yako asubuhi, unafunga mdomo mpaka saa mbili usiku, wenzako waichambue. Leo zamu ilikuwa yangu: sura ya tano, pale Domitila anapomkimbia mumewe, halafu jioni anarudi kuchukua pasi ya mkaa aliyoachiwa na marehemu mama yake.

Kassim wa Bujumbura ndiye aliyeanza. "Huyu mwanamke mwongo. Hakufuata pasi, alimfuata mume."

Bi Rehema wa Tanga akamrukia: "Wewe! Pasi ya mama yake, amwachie nani?"

Vidole viliniwasha kujibu. Pale kwenye duka langu la ushonaji, Muhima, nikashona mkono wa shati ndani nje, na mwenyewe kasimama: "Mama, shati yangu iko tayari?" Buretse, subiri kidogo, nikamwambia, huku nafumua.

Wamebishana mchana kutwa. Mmoja kasema shangazi yake alifanya vilevile. Na mimi ile pasi niliiandika tu kwa sababu ilikuwa mezani mbele yangu. Sitawaambia.

Saa mbili ilipofika nilikuwa na jibu refu tayari. Nikalifuta, nikaandika "Asanteni."

Sura ya nne wote walinisifu, hongera dada, kalamu tamu, na hakuna aliyemtaja Domitila. Wiki ile nilitaka kuacha kabisa kuandika.

Leo wamemgombania Domitila kama jirani yao, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nipo.