Zizi Lako Tumelilima

Baba Limi,

Barua kama hii huanza na neno "mpendwa". Nililiandika, nikalitazama, nikalikata. Nakuandikia hadharani kwa sababu namba yako haipatikani tangu mwaka juzi. Basi yeyote huko Katavi atakayeisoma barua hii na anakufahamu, akusomee, na asiruke mstari.

Unaikumbuka bustani yetu ya kwanza? Nilikuwa na miezi miwili tu hapa Ngulyati, bado naona aibu hata kumwamkia mama yako. Nikasema nataka mboga nyuma ya jiko. Ukabeba samadi kutoka zizini, karai baada ya karai, mbichi, inatoa mvuke, ukaimwaga yote kwenye matuta. Nikakuambia kwetu Nkoma samadi huachwa kwanza ioze. Ukacheka: "Mtoto wa wakulima wa pamba anifundishe mimi mavi ya ng'ombe?" Baada ya siku tano miche yote ya nyanya ilikuwa imeungua. Ulikaa kwenye kigoda ukaiangalia wee, kisha ukasema, "Haya, mwalimu, tuanze upya." Siku ile nilikupenda mno. Nalisema hili kwa hasira, lakini nalisema.

Tukaanza upya kweli. Ulichota mchanga mtoni kwa baiskeli, tukauchanganya na udongo wetu mweusi wa mbuga, ule unaonata kama ugali mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Tukafukia samadi iliyooza, tukamwagia maji, tukauacha udongo upumzike wiki mbili. Mgagani uliota pale tukala sisi, akala mama yako, na majirani wakabeba.

Kisha majani ya malisho yakaisha, ukasema unawapeleka ng'ombe kusini kama wenzako. "Mvua za kwanza zikinyesha nitakuwa hapa. Mnitunzie zizi." Mvua za kwanza zimenyesha mara ngapi tangu siku hiyo, Baba Limi?

Nami mjinga nikalitunza. Nilifagia zizi lisilo na ng'ombe. Nilikata miiba nikaziba uzio ulipotoboka. Mbuzi wa jirani wakiingia niliwafukuza, wasije wakachafua mahali pa ng'ombe wako. Huku nyuma bustani yangu ilikuwa inakufa, maana bila ng'ombe hakuna samadi, na mbuga ikishaachwa hivyo haisikii jembe. Mwanao alikula ugali kwa chumvi, hatua ishirini tu kutoka kwenye udongo mnono kuliko wote kijijini.

Majirani walipita wakiniamkia na kuuliza, "Mwangaluka, Mama Limi. Hilo zizi si ulilime?" Mama yako ndiye aliyekataa. "Zizi la mtu aliye hai halilimwi," alisema. "Ukililima, umemzika." Mimi nimekulia kanisani, mambo hayo siyaamini sana, lakini niliyashika kama dawa. Sikuwa naogopa mizimu. Niliogopa kukubali kwamba hurudi.

Mwezi uliopita alikuja Masanja, yule mliyeondoka naye. Tukampa uji. Mama yako akamuuliza habari zako, naye akawa anakizungushazungusha kikombe.

"Yupo, mayu, mama yangu. Ni mzima. Amejenga."

"Amejenga nini?"

"Nyumba. Na zizi kubwa, la magogo. Mama wa pale ameshajifungua wa pili."

Mama yako hakulia. Alimaliza uji wake wote. Akainuka, akachukua jembe langu ukutani, akaenda zizini na ule mgongo wake uliopinda. Nikamkimbilia. "Mayu, si ulisema halilimwi?"

"Nilisema la mtu aliye hai," akanijibu. Akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe.

Tulilima siku nne, mimi na yeye. Udongo wa zizi ni mkali, ukipanda kwenye huo peke yake unaunguza, kwa hiyo tulichanganya karai moja la zizi na mawili ya mbuga, tukatoa mifupa na mawe, tukainua matuta, tukayafunika kwa mabua na kuyamwagilia mpaka yakapoa. Nikatupia mbegu chache za mchicha kujaribu. Zimeota zote. Watu wanapita wanasifu, nami naitikia asante huku moyo unaniuma, kwa sababu najua mboga hizi zinalishwa na ng'ombe walioondoka na wewe. Wao angalau walituachia kitu.

Jina lako mama yako halitaji tena. Limi ananiuliza baba yake anafananaje, nami namwambia ajitazame kwenye kioo. Sina uwezo wa kukuchukia mbele yake, ndiyo maana nimekuja kukuchukia hapa.

Ukitaka kurudi, rudi. Maji ya kuoga utapewa, na chakula utakula, maana hata mgeni tunamlisha. Lakini njoo peke yako kwa miguu yako. Ng'ombe usije nao. Hapa hawana tena pa kulala.

Mkeo wa Ngulyati