Baba Alizikwa Wewe Ukiwa Kazini

Nyamugari, Gitega
9 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Faridi,

Assalaam alaikum. Natumaini umeamka salama, na baridi ya huko haikusumbui kifua. Sisi miili ni mizima. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Habari za msiba nilikupa kwa simu. Mengine yalinishinda, nilikuwa nalia.

Dawa ziliposhindwa, baba aliomba tumpeleke kwao Muyinga, kwa shangazi Pili. Garini alikuwa akikuulizia wewe tu. Nikamweleza kama ulivyonieleza: kwamba Mshtarii ni sayari kubwa mno, yote gesi, na nguvu zake za sumaku hunasa chembe ndogondogo na kuzirusha kwa kasi, mpaka mionzi yake inaharibu kompyuta za chombo kinachopita karibu. Kwamba wewe unapima kasha la chuma la kuzikinga kompyuta hizo, na ukiondoka sasa chombo hakitaruka kwa wakati wake.

Akauliza, "Ndani ya hicho chombo kuna watu?"

"Hapana, baba. Ni mashine tu."

Akageukia dirishani. Hakukutaja tena mpaka alipokata roho.

Na yeye ndiye aliyekuwa akijivunia wewe, kaka! Mteja akija dukani kununua kitenge, kwanza alisomeshwa Mshtarii. Jirani yetu Othmani, yule fundi cherehani, alikuwa akimtania: "Mzee, mi nataka kitambaa, we unanipa nyota!" Baba alicheka mpaka akakohoa.

Tulimzika Ijumaa, hukohuko Muyinga. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kwa hiyo haya nimesimuliwa. Imamu aliuliza, "Mtoto wake wa kiume yuko wapi, ashuke kaburini ampokee baba yake?" Othmani, aliyekuja kutoka Gitega kwa ajili ya mazishi tu, akavua viatu, akashuka yeye.

Jana ukatutumia picha ya kasha, ukaandika kwamba limefaulu majaribio na sasa umepata ruhusa ya kusafiri. Mama aliitazama sana, kisha akanirudishia simu.

"Mpe hongera," akasema. "Lakini mwambie asije kwa sababu kazi imekwisha. Aje siku atakayotukumbuka."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Shangazi Pili anakusalimu. Othmani pia, wala hana kinyongo. Mungu akulinde ugenini na akulainishe moyo.

Mimi mdogo wako, nakupenda na nimekukasirikia,
Yasmina