Taa ya Kijani Chumba cha Matangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mama Pacha, ndivyo ninavyojulikana na wote
Umri: miaka 38
Kazi: mfungaji sabuni kiwandani
Makazi: nyumba za wafanyakazi, chumba cha nane

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuwa nafunga sabuni jirani na chumba cha matangi. Mume wangu alishuka kuosha tangi la mafuta. Juu alisimama mdogo wangu, fundi umeme, tunayemwita kwa utani Injinia. Simu zetu tunaziacha langoni, ndiyo maana alitengeneza kisanduku cha dharura: ukibonyeza, kompyuta ndogo ya ndani inaipa modemu amri, na modemu, kifaa chenye laini kama simu, inawatumia ujumbe waokoaji wa kiwanda walioko langoni.

Nilisikia ukelele, nikakimbia. Mume wangu alikuwa ameanguka mle tangini, hewa mbaya imemlevya, lakini anakoroma. Nilitaka kushuka, Injinia akanikamata kiunoni.

"Dada, utakufa na wewe! Nimeshabonyeza. Taa ya kijani hiyo, ujumbe umekwenda."

"Niwafuate langoni?"

"Wako njiani. Kaa umwite, asilale."

Basi nikakaa. Jamani, nilikaa! Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Kukoroma kukakoma. Ndipo nikakimbia langoni, nikawakuta waokoaji wanakunywa chai, simu yao iko mezani. Mkubwa wao akasema, "Hatujapata ujumbe wowote, mama." Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Mchana Injinia aliifungua modemu mbele yangu na meneja, akaiunganisha na kompyuta yake mlemle chumbani. Akatuma AT, eti ndiyo kuiuliza kama iko hai, ikajibu OK. Akatuma amri ya ujumbe, ikajibu ERROR, yaani imeshindwa. Akarudia, ERROR. Kuta zile za chuma zimeziba mtandao. Modemu ilikuwa inakataa muda wote, ila yeye alikuwa amechomoa waya unaorudisha majibu yake kwenye kompyuta ndogo. Eti pini za kuchomekea waya hazikutosha, na meneja alitaka kitu cha kuonekana, basi pini hiyo akaipa taa. Taa inawaka amri ikishatoka tu, ikubaliwe isikubaliwe.

Afande, umeniuliza kama alikusudia. Hakukusudia. Alilia kunishinda mimi. Mtoto huyo nimembeba mgongoni, na sasa sitaki hata kumsikia akikohoa humo mahabusu.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Sina jingine.

Saini ya shahidi: (dole gumba)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Alipoambiwa anaweza kwenda msibani, alijibu kuwa ndugu wa marehemu wamemkataza kukanyaga kwao kwa kuwa ni dada wa mtuhumiwa, na kwa mama yake mwenyewe, aliye pia mama wa mtuhumiwa, hawezi kwenda. Hadi nilipobadilishana zamu alikuwa bado ameketi kwenye benchi la kituo.