Mlango wa Dima

Baba,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lako, nje ya hospitali ya Ngao, na siwezi kutoka. Mlango wa dereva bado haufunguki kwa ndani. Wewe ulikuwa unashusha kioo na kutoa mkono nje, lakini kile kishikio cha kuzungushia kioo kimeng'oka. Na mlango wa abiria uliufunga kwa waya mwenyewe, unakumbuka? "Ya muda tu," ulisema. Muda wenyewe sasa ni miaka sita. Basi nimekaa na daftari langu la vipimo vya nguo, namngoja jirani yetu Mama Komora amalize kumshughulikia mama yake kliniki, aje anifungulie.

Nina hasira na wewe. Nimeona nianze na hilo. Dua nakuombea kila siku, sikosi, lakini hasira nayo iko palepale.

Mama alimaliza eda mwezi uliopita. Miezi yote ile watu walikuja kumpa pole, na kila aliyetoa pole aliuliza kabla hajaondoka, "Na gari iko?" Hawakuuliza kama mimi niko. Wagonjwa, magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, bibi harusi, mbuzi wa yule mzee wa Ndera ambaye mbuzi wake lazima akae mbele kwa sababu nyuma kuna upepo. Wote nawabeba mimi. Gia ya pili lazima uishike kwa mkono isiruke, na uliyemfundisha kuishika ni mimi peke yangu. Wateja wangu hapo Garsen wanakuta cherehani imefunikwa, wanakwenda kushona kwingine. Nikilalamika naambiwa, "Baba yako hakuwa anakataa." Najua hakuwa anakataa. Ndiyo maana niko hapa.

Nakumbuka siku ulipolileta kutoka Malindi, pikapu kuukuu, nyekundu, mlango mmoja umebonyea. Mama alisema ni nyekundu kama yule ng'ombe wako Dima, na hapo jina likawa limeshapatikana. Asubuhi yake ukawasha moto nyuma ya nyumba, ukatia chuma cha chapa, kilekile cha ng'ombe wetu, ukaja ukakikandamiza kwenye mlango wa dereva. Nyumba ilinuka rangi iliyoungua siku mbili. Mimi nilikuwa sekondari, nikaona aibu kupita barabarani. "Sasa akipotea, watu watajua pa kumrudisha," ulisema, utadhani gari litafuata majani mpaka Hola. Na kila asubuhi ukawa unagonga boneti kwa kiganja: "Amka, Dima. Amka, mama." Nilikuambia mimi sitaongea na chuma. Ukacheka. "Basi atakungoja mpaka uongee."

Ulinifundisha kuendesha mwaka uliofuata, kule bondeni, mafuriko yalipokauka. Ulikataa kukaa ndani. Ulitembea kando ya dirisha na fimbo yako, ukisema ukikaa karibu nitakutegemea. Nilizima mara nyingi. Mara ya mwisho sikuzima, nikakuacha nyuma, nikakuona kwenye kioo umesimama umeshika kiuno. Tuliporudi ukawasha tena moto nyuma ya nyumba. Kesho yake nikaona mstari mfupi chini ya chapa, umepinda kidogo. Nikadhani ulikuwa unarudishia chapa, mkono ukateleza. Sikuuliza.

Kuna jambo jingine sikuwahi kukuuliza. Kaka Barisa ulimpa mtamba siku aliyodondoka kitovu, na uzao wa mtamba yule bado anao. Mimi pia ulinipa, lakini wangu alikufa kwa ukame nikiwa darasa la nne, na hukunipa mwingine. Nilingoja. Kila mvua ikinyesha vizuri, ng'ombe wakizaa, nilingoja uniite zizini. Ulipofariki, ng'ombe wakagawanywa kwa sheria ya dini, nikapata fungu langu na sina neno. Lakini fungu hupewa kila mtoto. Nilitaka kitu ulichonipa wewe, kwa mkono wako. Nikawa naona kwamba Barisa ulimpa ng'ombe, mimi ukanipa kazi ya udereva.

Kwa hiyo Barisa alipopiga simu kutoka Mombasa akasema tuliuze gari tugawane, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nikalipeleka kwa fundi wa rangi pale Garsen. Akazunguka, akaweka kidole kwenye chapa yako. "Na hii?" Nikamwambia, ziba yote. Akaziba kwa ule udongo wao wa kusawazishia bodi, akapiga msasa, akapuliza rangi. Baba, lilipendeza. Nilijiona nina akili kweli.

Siku ya soko la mifugo nikalisimamisha mahali pa wazi. Akaja mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Witu, mnajuana, na alikuwa anataka gari. Akalikagua kama anavyokagua fahali. Akainama chini, akatazama magurudumu, akapitisha kiganja ubavuni taratibu. Alipofika mlangoni kiganja kikasimama. Akagonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

"Hapa kulikuwa na chapa."

Nikasema ndiyo, nimeifuta ili gari lionekane safi. Akaondoa mkono na kuupangusa kwenye kikoi. "Mimi sinunui kitu imefutwa chapa. Mwenyewe akikuja nitamwambia nini?" Nikamweleza kwamba mwenyewe amefariki, na mimi ni bintiye. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema, akaenda zake.

Wanaofuta chapa ni wezi wa mifugo. Hilo hata mimi niliyelelewa mjini nalijua, ila nalijua kwa ng'ombe, sikufikiri kwamba kuna mtu zaidi yako anayelihesabu gari kuwa ng'ombe. Kumbe soko zima. Hadi alasiri Garsen yote ilikuwa inasema binti yako amefuta chapa ya baba yake kaburi halijakauka. Mama muuza maziwa alinipimia bila kunitazama usoni.

Nilifika nyumbani nimejiandaa kugombezwa. Mama alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu, "Na ule mkato wa chini pia umeziba?"

Nikamuuliza mkato gani, ule wa mkono kuteleza?

Mama akakaa kwenye mkeka. "Baba yako achome chapa miaka yote hiyo, mkono uteleze? Ule mkato ni wako. Ulikuwa kwa mtamba wako pia. Wewe hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa shuleni Garsen, mtamba wangu alikuwa malishoni, nilimwona likizo tu kwa mbali katikati ya wenzake. Sijui kusoma ng'ombe, Baba. Nilijua chapa ya nyumba yetu basi. Sikujua kwamba chini yake kila mtoto ana mkato wake, Barisa miwili, mimi mmoja, na kwamba mnyama mwenye mkato wa mtoto ni wa mtoto huyo mpaka afe.

Nilimpigia Barisa. Nikamsimulia aliyoyasema Mama. Akasema, "Kama mkato wako uko, basi haikuwa gari ya Baba. Hiyo hairithiwi." Akaanza kucheka, kisha hakuwa anacheka tena.

Miaka tisa, Baba. Miaka tisa unaniomba ruhusa kwa adabu, "Sadia, naweza kumpeleka mgonjwa na Dima?" nami nadhani unanitania. Nikilalamika gari linanitia aibu, unacheka, kwa sababu unasikia mtu anailalamikia mali yake mwenyewe. Ulidhani najua. Ungesema tu. "Hili ni lako, Sadia." Maneno manne. Mdomo ulikuwa nao. Kila asubuhi ya Mungu ulikuwa unaongea na gari, ungeshindwa nini kuongea na mimi?

Kesho yake nilirudi kwa fundi nikamwambia tutoe rangi ya mlango. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akanipa msasa nijikwangulie mwenyewe. Chapa ilitokea kwanza. Nikaendelea chini polepole, kwa ncha ya kisu, naogopa kwamba nimeshaumaliza. Ulikuwepo. Umepinda vilevile. Nikaweka kidole changu juu yake, nikalia pale mbele ya fundi na wateja wake, wala sikujali.

Sasa mlango una mabaka, nyekundu hapa, kijivu pale, ni mbaya kuliko ulivyouacha. Mama muuza maziwa ananisalimu tena. Na leo asubuhi Mama Komora hakuuliza kama gari liko. Alisimama mlangoni akasema, "Sadia, naomba gari yako." Nikatafuta funguo.

Siuzi. Hilo ndilo nililokaa kukuandikia. Wagonjwa nitawabeba kama ulivyowabeba, na mtoto wangu nikimpata nitamwonyesha mkato huu nimwambie kwa mdomo, kwa sauti, ni wa nani na maana yake nini. Ila kitasa cha ndani nitakiweka, na ule waya nitaukata. Na mbuzi wa mzee wa Ndera atakaa nyuma, apende asipende.

Nakuona hujakubaliana na hilo la mbuzi. Pumzika, Baba. Mungu akunyooshee njia huko uliko, na akusamehe ukimya wako, maana mimi nimeshausamehe. Karibu wote.

Mama Komora anakuja, amemshika mama yake mkono. Atanifungulia, nitashuka nimsaidie bibi kupanda kwa mlango huuhuu, halafu nitarudi kuwasha. Tangu jana gari limegoma mara mbili. Kabla ya kuwasha nitapita mbele, niweke kiganja kwenye boneti, niseme mara moja tu, kwa sauti ya chini.

Amka, Dima. Amka, mama.

Usicheke.

Mwanao,
Sadia