Wifi Ananiomba Wimbo Uliomvunja Mkono

Mshauri wangu, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi, na unisamehe maneno yakirukaruka, maana naandika kwa kompyuta ya kazini, kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua za watu, mteja akiingia naificha barua hii nyuma ya fomu za maombi ya kazi, akitoka nairudia na nimeshasahau nilifika wapi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa na ninacheza brekidansi, usicheke, ile ya kuzunguka kwa mgongo na kusimama kwa mkono mmoja miguu ikiwa juu. Tuko saba, mazoezi yetu ni Jumamosi asubuhi kwenye karakana ya seremala ambaye ndiye kepteni wetu, tunasukuma meza zake pembeni, tunafagia vumbi la mbao, tunatandaza maboksi sakafuni, na kwa miaka sita mwenye kazi ya kuchagua muziki ni mimi. Mimi ndiye ninayejua ngoma ipi ni ya kupasha mwili, ipi ni ya kuzungukia na ipi ina pale mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza inabaki ngoma tupu na mchezaji anaganda hewani. Kucheza kwenyewe mimi ni wa kawaida tu, ila bila mimi hakuna anayenyanyua mguu, na hilo lilinitosha.

Sasa mwaka jana kaka yangu alioa, wifi yangu ni msusi, mcheshi, hana makuu, na ni mimi mwenyewe niliyemshika mkono nikampeleka mazoezini, nikamwonyesha hatua ya kwanza. Miezi mitano, mshauri! Miezi mitano akawa anasimama kwa mkono mmoja kama mtu anayesubiri foleni. Siku moja akaja na wimbo kwenye simu yake, wa taratibu, ngoma nzito, mimi nikasema huo unalaza watu, kepteni akasema, "Hebu uweke tuusikie," nikauweka, na wote wakacheza kuliko nilivyowahi kuwaona wakicheza. Kepteni akacheka: "Wifi yako ana masikio!" Halafu akatangaza kwamba kwenye mashindano tunayojiandaa nayo wifi ndiye atakayefungua, na atachagua wimbo wake mwenyewe.

Nilitabasamu. Roho iliniuma, nikatabasamu. Kesho yake hapa kazini nikauingiza wimbo wake kwenye kompyuta, nikauongeza kasi, si sana, kiasi tu cha kumchelewesha aonekane bado mchanga, na kwa kuwa hauna mwimbaji hakuna sauti ambayo ingenisaliti. Jumamosi nikauweka. Akaanza vizuri, akaachwa na mdundo, akaufukuza, akarusha miguu kabla mkono haujakaa sawa, nikasikia kifundo cha mkono kikilia, mshauri, nilikisikia juu ya muziki.

Amefungwa plasta wiki ya tatu. Msusi! Kaka amekasirika, anasema, "Nilikwambia michezo ya kichwa chini si ya mke wa mtu," amempiga marufuku kurudi, na mama anamuunga mkono. Yeye wifi halaumu mtu. Anasema alikosea mwenyewe, na juzi akaniambia, "Wifi, nirushie ule wimbo tuliotumia siku ile, kwangu ulishafutika, niusikilize nijue nilikosea wapi."

Ninazo zote mbili, wa kawaida na ule nilioukoroga. Nimrushie upi? Mazoezini nikiweka wimbo nauzima kabla haujafika katikati, naweka mwingine, nauzima, wenzangu wananiuliza nina nini, nasema spika ina kutu. Situlii nyumbani, situlii kazini, nikikaa nasimama. Nifanye nini?

Mwenye Spika

*

Mwanangu, marahaba.

Kwa kuwa uliacha namba, sikungoja kuandika, nilikupigia. Ulinong'ona, "Subiri niingie stoo," ukafunga mlango, nikakuuliza kama umeshamrushia wifi yako wimbo. Ukasema ndiyo. Upi? "Wa kawaida." Naye akajibu nini? "Amesema ameusikiliza mara kumi, kweli kosa ni lake, hata mtoto angeuwahi."

Basi sikia. Ulipoandika ulikuwa umemvunja mkono. Sasa umemfanya ayakatae masikio yake mwenyewe, yale yale yaliyokutia kijicho. La kwanza daktari amelifunga plasta. Hili la pili daktari wake ni wewe, na kila siku unayopitisha linazidi kuoza.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mtu akiwa na kitu kimoja tu kinachomfanya ahesabiwe, akaja mwingine akakichukua huku akicheka bila hata kujua, inauma. Ungelia, ungenuna, ungemwambia kepteni umeumia, nisingekuwa na neno. Lakini ulikaa mbele ya kompyuta ukatengeneza mtego, tena kwa utulivu. Usiniambie hukukusudia avunjike. Ulikusudia aanguke mbele za watu. Mifupa haikuuliza ulikusudia kiasi gani.

Nenda leo, ukitoka kazini, kabla hujapita kwako kubadilisha nguo na kubadilisha mawazo. Kwanza yeye, peke yake. Mpe nyimbo zote mbili azisikie moja baada ya nyingine, asiamini maneno yako, aamini ngoma. Kisha mwombe ruhusa ya kumwambia kaka yako, na akikupa, sema wewe, usimwachie mwanamke mwenye plasta kazi ya kukueleza. Kaka yako atafoka. Mwache afoke, ila mwambie wazi kwamba mkewe hakuanguka kwa kucheza, aliangushwa na dada yake, na marufuku hiyo amempiga mtu asiye na kosa. Mama naye vivyo hivyo.

Jumamosi uwaambie wenzako, umkabidhi kepteni muziki. Usiombe kuachiwa kazi hiyo. Wakikutaka tena siku moja, mchezaji ndiye atakayeleta wimbo wake, na atausikia ulivyo kabla hajakanyaga boksi. Jioni zako, hadi plasta itoke, ni za saluni kwa wifi yako: osha vichwa, fagia nywele, shika kitana anapokuelekeza. Akikataa kukuona, fagia nje.

Na ukifika mlangoni kwake usianze na "unajua wifi", wala "shetani alinipitia". Mwache shetani apumzike, siku hiyo alikuwa na shughuli zake. Sema, "Niliuongeza kasi mimi, kwa wivu." Kisha funga mdomo na usikilize, hata kama atakachosema kitakuwa kirefu.